Mande

Jumamosi yangu ya kwanza kwenye ile meza nilimfukuza mama wa watu. Sikumwambia toka. Nilimsomea swali lililokuwa kwenye fomu, kwa sauti iliyofika mpaka meza ya pili: "Mama, namba yako ya hifadhi ya jamii ni ngapi?" Alikuwa amekaa na bintiye wa miaka 17, mkoba mapajani, bahasha ya kaki imejaa karatasi mpaka imetuna. Akanitazama. Akaitazama kompyuta. Kisha akaanza kurudisha karatasi zake kwenye bahasha, moja moja, bila haraka, kama mtu anayekunja mkeka baada ya wageni kuondoka. Akamgusa binti begani, wakatoka. Kikombe chake cha kahawa kilibaki mezani kinafuka moshi.

Hiyo ilikuwa Januari 2024, San Antonio, Texas, upande wa magharibi wa mji, ambao wenyewe huuita West Side hata wakiwa katikati ya sentensi ya Kihispania. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Nilikuwa nimekwenda kule kusomea shahada ya pili ya ustawi wa jamii, na shahada hiyo huipati bila saa 900 za kazi ya vitendo mitaani. Nikapangiwa kituo kimoja cha jamii: ukumbi wa matofali, viti vya plastiki, na feni moja inayolia kama mtu anayesaga meno usingizini. Kila Jumamosi asubuhi tulipanga meza sita, na wanafunzi wa vyuo tukakaa kuwasaidia wazazi kujaza fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa ada. Fomu inaitwa FAFSA. Wazazi wa pale walilitamka jina hilo kama wanamtaja shangazi fulani mkorofi ambaye lazima umpitie ukitaka kuoa.

Na mwaka ule shangazi alikuwa na hasira zaidi. Fomu ilikuwa mpya. Badala ya kufunguliwa Oktoba kama miaka ya karibuni, ilifunguliwa mwishoni mwa Desemba 2023, na mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii, ile wanayopewa raia na wageni wenye kibali, alikuwa akifika sehemu yake inagoma, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Dosari hiyo haikurekebishwa mpaka Machi. Fikiria basi: binti amezaliwa San Antonio, ni raia kama rais mwenyewe, lakini mama yake amevuka mpaka miaka 20 iliyopita na hana karatasi. Kumuuliza mama huyo namba ile, mbele ya watu, ni sawa na kumsimamisha sokoni umuulize aliingiaje nchini.

Msimamizi wangu, mwanamke mzaliwa wa mtaa ule ule, hakunigombeza. Alinirudishia tu maneno ambayo yule mama alimwachia mlangoni: "La muchacha está muy estudiada." Msichana amesoma sana. Nikasema asante. Akatikisa kichwa. "Hujaelewa. Amesema umesoma. Hajasema educada."

Neno hilo moja ndilo lililonifunza kazi, kuliko kozi zote za mwaka wa kwanza. Katika Kihispania cha akina mama wa Meksiko, educación haina uhusiano na vyeti. Mtu bien educado ni yule aliyelelewa akaleleka: akiingia anasalimia hata kama hamjui mtu, hali mbele ya watu bila kukaribisha, hamkatizi mkubwa, haulizi siri ya mtu hadharani. Unaweza kuwa na shahada tatu na usiwe na educación hata ya kulamba. Na bibi asiyejua kusoma jina lake anaweza kuwa nayo mpaka ikamwagika. Nilipolielewa nilicheka peke yangu kwenye basi, nikaaibika upya hapo hapo. Nyumbani tuna kitu kile kile, ila tumekitenga vyumba viwili, elimu huku na adabu kule. Wao wameviacha chumba kimoja, na mwenye nyumba ni adabu.

Sasa nije kwenye sherehe, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Oktoba Marekani huadhimisha urithi wa watu wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Nilipoliona tangazo mara ya kwanza ubaoni chuoni, akili yangu ya Kiswahili ilisoma "Wahispania" na kwenda moja kwa moja Madrid. Nikajiuliza Wazungu wa Hispania wana tabu gani Texas hata watengewe mwezi. Kumbe ni Wameksiko, watu wa Puerto Rico, Kuba, Guatemala, El Salvador, na kuendelea mpaka Chile huko chini. Ni sensa ya mwaka 1980 iliyowauliza watu wote wa Marekani kama wana asili hiyo. Pale West Side wenyewe hujiita mexicano, au tejano, yaani Mmeksiko wa Texas, wenye siasa zao Chicano, vijana Latino. Wako ambao familia zao zilikuwa Texas tangu ilipokuwa mali ya Meksiko, kabla ya 1836. Hao ukiwaita wahamiaji wana jibu lao: hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka sisi.

Kwa nini mwezi uanze katikati ya mwezi? Kwa sababu 15 Septemba 1821 ndiyo siku ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica. Meksiko inasherehekea kesho yake, Chile tarehe 18. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akija kituoni kunywa kahawa tu, bila fomu wala shida yoyote, alikuwa na sababu yake nyingine. Aliposikia natoka Afrika akaniambia, kwa raha ya mtu anayetoa karata aliyoificha, kwamba wao walikuwa na rais mweusi miaka mia na ushee kabla Wamarekani hawajafikiria. Vicente Guerrero, mswaga nyumbu aliyekuja kuwa jenerali, mwenye damu ya Kiafrika. Tarehe 15 Septemba 1829 alitoa amri ya kufuta utumwa Meksiko. Texas wakati huo ilikuwa bado ya Meksiko, na walowezi wa Kimarekani waliokuja na watumwa wao wakapiga kelele mpaka amri ile ikaachwa isiwaguse. Miaka iliyofuata, watumwa wa Texas waliotoroka wakielekea kusini walikuwa wakiutafuta mto Rio Grande, kwa sababu ng'ambo yake ulikuwa uhuru. Tangazo la chuo halikuwa na hata mstari mmoja kuhusu hilo. Lilikuwa na picha ya kofia pana na pilipili.

Nilikwenda, lakini. Niliingia kwenye viwanja Septemba 2023, mgeni wa wiki tano, nikala taco mbili za bure, vile vichapati vya mahindi vilivyokunjwa na maharage ndani, nikawasikiliza mariachi, nikapiga picha chini ya karatasi za rangi zilizokatwa matundu kama vitambaa vya darizi. Sina ugomvi na muziki. Mariachi wakipiga tarumbeta karibu na wewe, kifua kinaitikia, kama ngoma ya harusi inapokata kona kuingia mtaani kwenu. Ila nilirudi bwenini sijajifunza kitu. Ni baadaye, kwenye ile meza, na kwa kusoma usiku, nilipogundua kwamba sherehe na fomu ile mbovu vimetoka kwa mtu mmoja na darasa moja.

Mwaka 1928 kijana mmoja wa miaka 20 aliishiwa fedha za kumalizia chuo cha ualimu San Marcos. Akaacha masomo kwa muda akaenda kufundisha Cotulla, kimji kilichoko kusini mwa San Antonio, njiani kuelekea mpakani. Shule aliyopewa, Welhausen, ilikuwa ya watoto wa Kimeksiko peke yao, maana watoto wa Kizungu walikuwa na ya kwao. Watoto wale walikuja darasani na njaa. Mshahara wake wa kwanza ulikwenda kununua vifaa vya michezo vya shule. Jina lake Lyndon Johnson. Tarehe 8 Novemba 1965, akiwa rais, alirudi San Marcos, kwenye chuo chake cha zamani, kutia saini sheria ya elimu ya juu iliyoanzisha msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi maskini, na katika hotuba yake aliwakumbuka watoto wa Welhausen, na uchungu wa kujua kwamba chuo kilikuwa kimefungwa kwa karibu kila mmoja wao kwa ajili ya umaskini tu. Fomu tuliyokuwa tukipambana nayo Jumamosi ni mjukuu wa sheria hiyo. Kisha Septemba 1968 akatia saini wiki ya urithi, kwa muswada uliosukumwa na Edward Roybal, mbunge wa Los Angeles. Ronald Reagan ndiye aliyeridhia wiki iwe mwezi, mwaka 1988.

Johnson hakuwa malaika. Vita vyake vya Vietnam vilichukua vijana wengi wa mitaa ile ile ya West Side. Lakini mtu aliyefundisha watoto wenye njaa mwaka mmoja hakuwasahau kwa miaka 37. Sijui tuite nini hiyo kama si educación.

Shujaa wangu mimi, hata hivyo, ni Emma Tenayuca.

Alizaliwa San Antonio mwaka 1916. Katika miaka ile West Side ilikuwa inabangua pekani, zile njugu za kusini zinazotiwa kwenye mikate ya sikukuu. Wanawake wa Kimeksiko walikaa kwenye vibanda visivyo na hewa, vumbi la maganda likiwaingia mapafuni, na kifua kikuu kilikuwa kikiua watu pale kuliko karibu popote Marekani. Malipo yalikuwa dola mbili tatu kwa wiki. Januari 1938 yakapunguzwa tena, na wabanguaji wapatao 12,000 wakaweka zana chini. Waliyemchagua awaongoze alikuwa huyo Emma, msichana wa miaka 21. Walipigwa mabomu ya machozi, wakajazwa mahabusu. Yeye mwenyewe alikuwa mkomunisti na hakuficha, na mji ulimlipa kwa hilo: mwaka uliofuata kundi la watu lilivamia ukumbi wa manispaa alikokuwa ahutubie, kazi akanyimwa kila mahali, mwisho akahama.

Watu wengi wanaishia hapo kwenye kisa chake, kwa sababu hapo pana moto. Mimi napenda sehemu ya pili, isiyo na moto. Alikwenda California akasoma, akapata shahada yake San Francisco mwaka 1952. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akarudi San Antonio, mji uliomfukuza. Akachukua shahada ya pili ya elimu katika Chuo Kikuu cha Our Lady of the Lake, ambacho kipo West Side yenyewe, akafundisha watoto wa shule ya msingi mpaka alipostaafu mwaka 1982. Mwanamke aliyesimamisha mji mzima akaishia kuwafundisha kusoma watoto wenye lugha mbili. Alifariki mwaka 1999. Nilikuwa nikipita na basi karibu na kile chuo, minara yake inaonekana juu ya vibanda vya kubadilishia mafuta ya gari, nikawa namfikiria akishuka na mkoba wake wa madaftari, na hakuna abiria anayejua ni nani.

Ukitaka kujua kwa nini shahada pale si jambo la mtu mmoja, chukua hesabu hii. Mei 1968 wanafunzi wa sekondari ya Edgewood, West Side, waliondoka darasani wakaandamana: majengo mabovu, walimu wasio na sifa. Mzazi mmoja, Demetrio Rodríguez, fundi wa mabati kwenye kambi ya jeshi la anga, akaenda mahakamani pamoja na wenzake. Ushahidi wao ulikuwa rahisi kuliko shairi la watoto. Edgewood walijitoza kodi ya majengo ya dola 1.05 kwa kila dola 100. Alamo Heights, mtaa wa wenye nazo katika mji huo huo, walijitoza senti 85. Ukijumlisha fedha zote, mtoto wa Edgewood alitumiwa dola 356 kwa mwaka na wa Alamo Heights dola 594. Anayelipa zaidi anapata kidogo, kwa sababu nyumba zake ni za bei ya chini. Machi 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba katiba ya nchi haiitambui elimu kuwa haki ya msingi. Thurgood Marshall alikuwa kati ya wale wanne, akaandika upinzani mrefu. Rodríguez alishindwa. Watoto waliopita kwenye madarasa yale wakati kesi inazunguka ndio babu na bibi wa watoto waliokuwa wakikaa mbele yangu na bahasha zao.

Mahali kama hapo, mtoto mmoja akifika chuo, mtaa unadai chake. Mwaka 1967 vijana watano walioanzia Chuo Kikuu cha St. Mary's waliunda chama cha vijana wa Kimeksiko. Mmoja wao, Willie Velásquez, alitumia maisha yake yote yaliyobaki kuandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba, na kaulimbiu yake bado imebandikwa kwenye madirisha ya West Side: su voto es su voz, kura yako ni sauti yako. Alikufa mwaka 1988, hajafika hata miaka 45. Mbali kule New Jersey, binti wa Bronx mwenye wazazi wa Puerto Rico alikuwa akisoma Princeton miaka ya 1970. Akasikia kwamba katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton kuna wagonjwa wanaojua Kihispania tu na hakuna mfanyakazi wa kusema nao. Hebu piga picha, umechanganyikiwa, na kila unayemwambia hakuelewi. Akaanzisha kikundi cha wanafunzi wakawa wanakwenda kuwatafsiria na kukaa nao. Leo Sonia Sotomayor ni jaji wa Mahakama Kuu, lakini mimi namwona zaidi kwenye korido za Trenton.

Najua, katika vyuo vya leo kujitolea kumekuwa na fulana zake. Basi linashusha wanafunzi 40, wanapaka rangi ukuta ambao haukuhitaji rangi, picha, sambusa au pizza, kwaheri. Sina haki ya kucheka sana. Daftari langu la Januari limeandikwa saa nne, saa nne, saa tatu na nusu. Nilikuwa nadaiwa 900 na ndizo nilizokuwa nikizihesabu. Yule mama aliziona usoni pangu kabla sijafungua mdomo.

Alirudi Machi, fomu ilipokuwa imerekebishwa. Msimamizi alikuwa amempigia simu mara tatu, akamwomba, na sharti lake lilikuwa moja tu: akae meza yangu. Sikujua kama ni adhabu au heshima. Safari hii nilikuwa nimefundishika. Kwanza kahawa. Pale wanapika café de olla, kahawa ya chungu, na mdalasini na piloncillo, ambayo ni sukari guru yetu ile ile iliyomiminwa kwenye kifuu cha umbo la pia. Nikamwambia kwetu Tanga wazee wanakunywa kahawa chungu na kashata pembeni. Akauliza Tanga iko wapi. Nikamwambia ni pwani, mji wa mkonge. Neno mkonge sikulijua kwa lugha yake, nikamwonyesha picha kwenye simu, akapiga kelele: "¡Pero si eso es henequén!" Kumbe hiyo ni henequén, mmea wa nyuzi wa kwao!

Karibu apate, ni binamu yake. Mkonge wetu umetoka kwao. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya asili ya Yucatán, Meksiko, kutoka Florida mwaka 1893, ikafika Tanga 62 tu iliyo hai, na mashamba yote niliyoyaona utotoni nikipita na basi kwenda Muheza yalianzia hapo. Hata jina sisal ni la bandari ya Yucatán. Nikamwambia babu yangu alikuwa manamba, alitolewa mbali akaletwa kukata mkonge kwa mkataba, akiitwa kwa namba yake. Alinyamaza kidogo. Baba yake alikuwa bracero, kibarua wa mkataba aliyepelekwa kuchuma mboga California chini ya ule mpango wa 1942 hadi 1964. Bracero ni kutoka brazo, mkono. Sisi wakatuita namba, wao wakawaita mikono. Mama akavuta kiti karibu, akaisukuma bahasha yake kuelekea kwangu, na akainua uso kumwambia binti kwa Kihispania: mweleze dada kila anachotaka kujua.

Fomu ilichukua saa mbili na robo. Pale kwenye sehemu ya namba nilimgeuzia kompyuta nikanyamaza, binti akaijaza mwenyewe, mahali pale pakiachwa wazi kama inavyoruhusiwa. Ikapita.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kiboksi cha kuhifadhia barafu. Ndani tamales, unga wa mahindi uliokandwa ukatiwa nyama, ukafungwa kwenye ganda la hindi na kupikwa kwa mvuke, moto bado. Zimekandwa na mafuta ya nguruwe. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia kwa Kihispania changu cha kuokoteza, samahani Doña, mimi Mwislamu, nguruwe hapana. Hakubadilika uso. Wenzangu wakala. Wiki moja baadaye kiboksi kikarudi, na juu kabisa tamales kumi na mbili zimefungwa kwa ugwe wa ganda la hindi, mafundo mawili kila moja badala ya moja. Fundo mbili ni zako, akasema. Mafuta ya alizeti, pilipili na jibini, na sufuria nimeosha kwanza. Sikumwambia neno halali, wala hakuna aliyemweleza habari ya sufuria.

Basi tukawa na mchezo wa maneno. Sukari, azúcar. Zaituni, aceituna. Hata yetu ya zamani yenye maana ya "mpaka", na hasta yao. Yote Kiarabu, yamepita njia mbili, moja kwa majahazi na nyingine kwa Andalusia, yakakutana Texas. Mama alisema ojalá kila alipotaja chuo cha bintiye, nami nikimjibu inshallah, na ni neno lile lile likiwa limevaa nguo tofauti. Meza na bendera alifurahi kuliko yote, maana hakuhitaji kubadilisha kitu.

Lakini neno lililonikamata ni mande. Mtoto wa Kimeksiko akiitwa na mkubwa haitikii "nini?" Huo ni utovu. Anaitikia "¿mande?", yaani niamuru. Mara ya kwanza nilipomsikia binti akiitikia hivyo, nilisikia sauti yangu mwenyewe ya miaka saba nikiitwa kutoka jikoni: abee. Kaka zangu naam, sisi abee, na ole wako useme "nini".

Chuoni baadhi ya wanafunzi wa Chicano hawataki kabisa kulisikia neno hilo. Wanasema ni masalia ya mashamba ya wakoloni, lugha ya mtumwa kwa bwana, na kuliadhimisha kama urithi ni aibu. Niliwasikiliza nikatabasamu, maana tumeshagombana sana nyumbani kuhusu shikamoo, wako wanaosema ni salamu ya mtumwa anayeshika miguu. Sina jibu zuri. Ninachojua ni kwamba kijana anaweza kuandika tasnifu nzima dhidi ya mande na bado akiitwa na mama yake limtoke. Na mama yake hasikii utumwa pale. Anasikia kwamba mtoto hakupotelea chuoni.

Binti alipata msaada wa ada, akaingia chuo Agosti, masomo ya uuguzi. Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 2024, siku moja kabla mwezi wao haujaanza, alikuja kituoni amevaa kitambulisho cha chuo shingoni, akaomba apewe meza. Msimamizi akampa yangu, mimi nikahamia kwenye birika. Nilikuwa nimekwisha maliza saa zangu za pale tangu Mei. Mteja wake wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye barua ya shule asiyoielewa. Binti akamsogezea kiti, akamuuliza kama anakunywa kahawa, na barua akaiacha ikae mezani kwanza, uso chini.

Mama yake alikuwa mlangoni anahangaika na kiboksi, mlango umembana mgongoni. Akaita kwa nguvu, "¡Mija!" Binti yangu!

Binti, ameinama anasoma, akajibu kwa Kiingereza cha bwenini: nini?

Ukumbi ukanyamaza. Nakuapia hata feni ilipunguza. Mama akabaki pale pale na kiboksi chake, hakusema neno, anamtazama tu.

"Mande," akasema binti, uso umemwiva.

Nami nilikuwa nimeshaweka birika chini, nimeshaitikia abee, niko nusu ya njia kwenda kuupokea mzigo.